Mikono ya Kipa wa Akiba

Kwa kauli ya Moinafouraha, jirani wa kina Sittina, Chamsidine alibadilishwa kama mbuzi. Eti wakubwa wa timu walikutana baada ya alasiri, wakala wali wakashiba, na kabla hawajanawa mikono, kipa wa akiba wa Moroni alikwisha kuwa wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, na Tadjidine wa Patsy, kipa wa akiba wa kule, alikwisha kuwa wa Moroni.

"Na Chamsidine wamemfungia ndani," akaongeza, "asipatwe na jicho baya kabla ya safari. Mimi sikuhadithiwa, nimeona kwa macho yangu haya."

Moinafouraha aliona mengi kwa macho yake, hata yaliyotokea yeye akiwa amelala.

Sittina hakucheka. Aliendelea kupanga machungwa kwenye sinia. Kaka yake, Daroueche, alikuwa hajulikani alipo tangu siku alipomjibu mzungu sokoni. Mzungu huyo, mmoja wa mamluki waliokuja na bunduki wakajifanya wenyeji, alimwamuru apishe njia. Daroueche akamwambia mbele za watu, "Kisiwa hiki kina wenyewe. Zunguka wewe."

Tangu hapo askari walikwisha kuipindua nyumba yao na kupasua magodoro kwa visu. Bandarini hapiti mtu asiyejulikana ni nani na anakwenda kufanya nini. Wakimpata Daroueche, hawatamrudisha.

Na wanaume wa mtaa walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakibishania kipa.

Bangweni, pale mbele ya msikiti wanapokaa wanaume, hapakuwa na habari nyingine. Ligi imekwisha, mvua zinanyesha, na midomo haina kazi.

"Penalti zikinukia, nani huingizwa?" Mzee Aboudou alikuwa karibu kulia. "Si Chamsidine? Mtu anayedaka hata mbu! Mnamtoa, mnatuletea yule wa Patsy, ambaye mpira ukienda kulia yeye anaruka kushoto!"

Sittina akasimama kando, sinia kichwani.

"Kaka yangu anawindwa kama komba, nanyi mnamlilia kipa wa akiba. Hamna haya, wazee wangu?"

Djanfar, fundi cherehani na mwenyekiti wa timu, akakuna kidevu.

"Sittina, mwanangu. Huyo kaka yako, yeye hajui kudaka?"

"Nini?"

"Tumebaki bila kipa wa penalti. Tunauliza tu."

"Daroueche? Utotoni nilimrushia chungwa likamvunja pua. Mpaka leo imepinda kushoto. Adake nini yule!"

Wanaume wakatazamana.

"Hilo baya," akasema Djanfar taratibu.

Sittina akaondoka na hasira zaidi ya aliyokuja nayo.

Kesho yake wimbo ukawa umegeuka. Chamsidine, shujaa wa jana, sasa alikuwa na mikono ya mchuzi.

"Hata umwekee mpira kiganjani, atauangusha!" alipiga kelele Mzee Aboudou yule yule. "Aende! Mutsamudu wamepunjwa, wala hawajui!"

Wakatukana na kucheka mpaka askari wa doria wakasimama kusikiliza, mmoja akimtafsiria mzungu wake. Sittina akapita bila kugeuza shingo. Bendera hufuata upepo, alijisemea, lakini hawa hata upepo hawaungoji.

Siku ya safari mtaa mzima ulishuka bandarini na ngoma. Meli ya Mutsamudu ilikuwa imetia nanga mbali, na abiria walipelekwa kwa mashua. Sittina naye alikwenda na machungwa yake. Hasira haijazi chungu.

Kipa alikuja katikati ya watu, jezi mwilini, hirizi shingoni, taulo limemfunika kichwa mpaka machoni kukinga hasadi. Kila aliyekuwa karibu naye alimtukana.

Kwenye ngazi za gati alisimama yule mzungu wa doria, na Assoumani, askari aliyehamishiwa Moroni juzijuzi.

"Huyu nani?" akauliza Assoumani.

"Kipa wetu wa akiba," akajibu Djanfar. "Tumembadilisha. Afadhali yeyote kuliko huyu."

Assoumani akatafsiri. Mzungu akamtazama kipa kwa muda mrefu. Ngoma zikalegea. Kisha akachukua chungwa kwenye sinia la Sittina, bila kuomba, akarudi nyuma kidogo, akalivurumisha.

Chungwa likapita katikati ya mikono, likampiga kipa puani, likaruka juu ya vichwa vya watu.

"Mmeona?" Djanfar akapaza sauti. "Mmeona wenyewe? Ndiyo maana tumemtoa!"

Bandari nzima ikaangua kicheko. Mzungu akacheka mpaka akashika mbavu, akapunga mkono: apite.

Kipa akateremka mashuani ameshika pua. Taulo likateleza. Alipoondoa mkono, Sittina aliiona pua yenyewe. Ilikuwa imepinda kushoto.

Kisha akapiga kelele kuwashinda wote: "Nenda zako, mikono ya mchuzi! Usikanyage hapa mpaka ujifunze kudaka!"

Mashua ikasukumwa. Watu wakashangilia.

Assoumani peke yake hakuitazama mashua. Alikuwa akitazama nyuma ya Sittina, kule chungwa lilikorukia. Alikuwepo kijana mrefu, amelishika kwa mkono mmoja, kama mtu aliyelichuma mtini.

"Wewe," akasema Assoumani. "Hodari kweli. Hebu nitajie jina lako."

Ngoma zikanyamaza. Chamsidine akamtazama usoni, akaanza kulimenya chungwa.