Mbunge Namba Moja kwa Kupandisha Michango

Mke wa Séverin alikuwa na siri na mwanaume mwingine. Mwanaume huyo alikuwa Prodige, na Séverin alikuwa anaweza kuitaja siku siri hiyo ilipoanza: Jumatatu.

Siku hiyo simu ya Mireille ililia, akatoka nayo kwenye korido ya jengo, akavuta mlango. Séverin alisogea akatega sikio.

"Sawa, Prodige," mke wake alikuwa anasema. "Ila asijue kwanza. Nakuomba, asijue."

Jumanne alipika bukari na sombe, akaongeza kuku mzima, chakula cha sikukuu, kisha akakaa kumwangalia mume wake anavyokula. Jumatano Séverin alimkuta ameinamia sanduku la nguo, ameshika pasipoti.

"Ile ni yangu."

"Naangalia tu kama haijaisha muda, Baba Tina."

Sasa alielewa. Walitaka kumrudisha Congo ili wabaki wawili. Alimpigia mdogo wake Glody, aliyekaa na mama yao kule Kipushi, amweleze aibu hii. Glody hakupokea. Hata mdogo wake sasa alikuwa na kazi nyingi kuliko yeye.

Huyo Prodige alikuwa kijana wa kupendwa: suti ya kubana, sauti ya mtangazaji. Katika chama cha Wakongomani wa mtaa wa Albert Park, huku ugenini, kila jengo lilimchagua mtu wa kulisemea, na watu hao waliitwa wabunge, mwanzo kwa utani, baadaye kwa heshima. Walikuwa saba, na wao ndio walioleta mapendekezo ya nani atoe kiasi gani. Prodige alikuwa mbunge wa jengo la Séverin. Wanawake walimpigia kura wote.

Séverin hakuwa mtu wa ngumi. Alikuwa kinyozi, na kinyozi mwenye ngumi hapati wateja.

Alhamisi kwenye kiti cha saluni alikuwa amekaa mteja wake Doudou, anasoma simu. "Vieux, mzee wangu, sikia hii. Huko Amerika, jimbo moja, wamewapanga wabunge kwa namba. Nani amependekeza kupandisha kodi na ada kuliko wenzake. Huyo namba moja, jimbo zima linamcheka!"

Mashine ilisimama katikati ya kichwa cha Doudou.

"Rudia," Séverin alisema.

Alipofunga saluni aliwapanga wabunge wa kwao. Wa saba, Mama Coletha: hajapandisha kitu. Wa nne, mwenyekiti Bupe: randi ishirini za ukumbi. Namba moja, Prodige: hamsini kwenye ada ya mwaka, themanini za sare, na wiki hii mchango wa dharura, randi mia kila mtu, ambao Séverin mwenyewe alikuwa ameshautoa huku amenuna. Aliweka picha ya Prodige na suti yake, akatuma kwenye kundi la WhatsApp.

Kufika asubuhi kundi lilikuwa linawaka. "Kumbe suti tunailipia sisi!" aliandika mmoja. "Waziri wa mifuko yetu," akajibu mwingine. Séverin alisoma yote, akarudia.

Jumamosi Mireille alimshika mkono mlangoni. "Usiende mkutanoni, Baba Tina. Kaa na mimi leo."

"Unamwogopea?"

"Nakuogopea weye."

Aliuchomoa mkono wake akaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu mia mbili. Bupe alitangaza kwamba mchango wa dharura umetimia, elfu ishirini, ziko mezani. Séverin akasimama.

"Za nini?"

"Kawaida yetu unaijua, kaka," Bupe alisema. "Mchango wa dharura, mbunge anayeuleta ndiye anajua peke yake, mpaka pesa itimie."

"Si umesema imetimia? Basi aseme!"

Prodige aliinuka. Hakuwa na ile sauti yake. "Vieux Séverin, twende nje kidogo. Nitakuambia weye peke yako."

"Nje? Mambo yako ya kwenye korido yameisha! Sema hapa, watu wasikie. Ama iko suti nyingine dukani?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mtu nyuma akapiga mluzi. Prodige alitazama sakafu.

"Haisemwi hivi," alisema. "Si mbele ya watu."

"Eish! Mwizi!" sauti ikatoka upande wa dirisha, na nyingine zikaifuata.

Kura ilipigwa kwa mikono. Prodige alivuliwa ubunge, mapendekezo yake yote yakafutwa, na mchango ukarudishwa palepale. Watu walipanga mstari, randi mia, randi mia, wengine wakaondoka moja kwa moja kwenda soko la Warwick kununua vitu vyao. Séverin alikunja yake akaitia mfukoni. Prodige alimpita mlangoni, akamgusa bega.

"Nisamehe, vieux."

"Kamwombe msamaha mama yako."

Alipanda ngazi za jengo kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Mireille alikuwa amekaa chini, miguu mitupu, kichwa amekifunga kitenge.

"Wamerudisha?" aliuliza.

"Mpaka senti ya mwisho. Sasa mlilie."

"Na ndege yako iko kesho asubuhi," Mireille alisema, akafunika uso.

Tiketi ya Lubumbashi, kwenda na kurudi: elfu kumi na tatu. Gari mpaka Kipushi: elfu moja. Jeneza na mochwari: elfu sita. Séverin alimzika mama yake Jumatatu, kwenye simu, kwa bando la randi ishirini na tisa.