Jicho la Kushoto

Zamani wanyama walipokuwa wakiuguzana, Bi Nungunungu aliuza dawa, na Fisi ndiye aliyemletea mizizi.

"Hii ya macho inaisha upesi," Fisi alisema. "Nani anainunua?"

"Siri ya mteja wangu siitoi, Bwana Fisi, hata unichinje!"

"Basi niambie jicho lipi tu, nikuletee mzizi unaofaa."

"La kushoto," alijibu Nungunungu, akijiona mwaminifu.

Fisi akaenda malishoni, akawanyemelea wanyama mmoja mmoja kwa upande wa kushoto. Wote walimwona wakakimbia, isipokuwa Pundamilia.

Fisi aliporudi dukani, alileta mizizi ya tumbo na ya meno.

"Na ya macho?"

"Ya nani tena?" Fisi akajilamba.

Nungunungu akaangua kilio. Jina la Pundamilia hakuwahi kulitaja.