Mpira wa Hewa

Simu ilitetemeka mkononi mwa Generosa kila msomaji mpya alipoandika pole. Tangu aanzishe blogu yake pale Nyasubi, hakuna habari iliyosomwa kama ya asubuhi hii: wachimbaji wote waliofukiwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, wamekufa.

Hakuwa amemuuliza mtu. Alitaka tu kuwa wa kwanza.

Sasa alipanda juu ya kifusi kupiga picha. Sururu zilikuwa zimelazwa chini.

“Tulikuwa tunafukua, dada,” alisema mama wa mmoja wa wachimbaji, sauti imemkauka. “Tukasoma kwako, tukaacha. Tumeanza matanga.”

Generosa aliteleza, akaushika mpira wa hewa, bomba la kuwapelekea wachimbaji pumzi chini, uliochomoza kifusini. Mkono wenye simu ulitetemeka; wenye mpira nao ukatetemeka.

Akaizima simu.

Mpira ukatikisika, ukatulia, ukatikisika tena.