Bakuli la Magimbi

Siku ya pili baada ya mfereji wa kiwanda cha betri uliomwaga taka mtoni kuzibwa, Bi Sikitu alichemsha magimbi, akayatia bakulini, akayafunika kwa kawa, akampelekea Lwitiko, yule mtaalamu aliyepima mto miaka mitatu mpaka wakubwa wakamsikia.

"Shukrani ya maskini hii, mwanangu. Nimeyachimba pale pale mtoni."

Lwitiko hakunyoosha mkono. Alimgeuzia kompyuta, akamwonyesha mfano wa mto alioujenga kwa hesabu: maji ya buluu, na chini yake utepe mwekundu.

"Maji yatatakata mwezi huu, mama. Lakini ile sumu ya risasi ya betri imelala kwenye tope, na magimbi yanaifyonza. Nimepiga hesabu kila namna. Ni miaka thelathini na moja mpaka tope nalo litakate."

Bi Sikitu aliukodolea macho wekundu ule. Akamkumbuka Chiku, mjukuu wake, anayetimiza miaka mitano bila kutamka neno. Waganga walimchanja, majirani wakasema kijicho. Na yeye, tangu mtoto aachishwe ziwa, alimpondea magimbi kila jioni kwa mkono wake, apate nguvu, ulimi ufunguke.

"Na aliyekwisha kula?"

Lwitiko alifunga kompyuta taratibu. "Mlete kesho tumpime damu, mama."

Bi Sikitu hakujua pa kuyatupa magimbi yale, akarudi nayo nyumbani. Chiku aliliona bakuli tangu mlangoni. Hakuita, hajawahi kuita. Alikaa kitako mkekani, akafumba macho, akaachama kinywa.