Fungu la Mama

Siku hizi arosto, yale maumivu ya mraibu aliyekosa heroini, hugawiwa watu wa nyumbani kwake ili asiugue peke yake. Bi Mwanakheri, ambaye hata ugoro hajawahi kuonja, alibeba fungu la mwanawe Shomari. Alisukuma chapati huku mifupa inamuuma na makamasi yanamtoka.

Asubuhi hiyo maumivu yakakatika ghafla. Akaanza kumshukuru Mungu, kisha mkono ukaganda juu ya kibao. Ni heroini tu iwezayo kuikata arosto hivyo, na Shomari alikuwa ametoka.

Akarudi, macho mazito, anajikuna. "Mama, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu."

Akamwekea chapati ya kwanza. Alitaka kulia, akajikuta anauliza, "Na kesho utatoka?"

Hakujua anataka ajibiwe nini.