Kioo cha Riziki

Zama hizo, kila mtoto aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume yaliyochanganyika, kliniki ilimletea kioo. Cha Riziki kilitundikwa sebuleni alipotimiza miaka sita. Kilionyesha watu wazima wawili, mwanamke na mwanamume, wote wana pua yake. Kabla ya magharibi ya siku hiyo familia ilitakiwa imguse mmoja, kisha mtoto akapasuliwe afanane naye.

Bi Mwanakombo alimlisha mjukuu wake uji, macho yakikimbilia kioo.

"Mama, chagua basi," alilia binti yake Saumu, mama yake Riziki. "Mimi mkono hauinuki. Tusipogusa, watachagua wao wa kliniki."

"Na yule Riziki mkubwa asiyepasuliwa, mbona hayumo kiooni?"

"Hawakumwonyesha."

"Basi hawamjui." Akakifunika kioo kwa kanga. "Mtoto haumwi, mwanangu. Atasema mwenyewe akikua."

Adhana ya magharibi ikalia. Riziki akachungulia chini ya kanga, akacheka.

"Bibi! Wamekwenda zao! Nimebaki mimi tu, na uji mdomoni!"

Saumu naye akacheka huku analia. Bi Mwanakombo hakucheka. Alimpakata mjukuu wake, akamfuta mdomo taratibu, akisikiliza gari la kliniki likisimama mlangoni.