Taa Chini ya Mguu wa Nahodha

Nahodha Ndayisenga aliitumbukiza taa yangu ya kichwani ziwani pale Bangwe, ikiwa inawaka, akaikanyagia mchangani. Kwenye boti yake ilibaki nafasi ya mvuvi mmoja tu. Taa za wenzangu wawili tuliokuwa tukiigombea, zenye mwanga mkali balaa, zilishakufa majini kwenye jaribio hilohilo.

Mimi dukani Mwandiga nilichagua yenye mpira wa kuzuia maji kwenye mfuniko wa betri, nikaijaribu kwenye ndoo ya maji ya muuzaji. Alinitukana mpaka basi.

Ndayisenga akaiokota, akaifumbata viganjani. Vidole vyake vikang'aa vyekundu.

“Inawaka, mzee!” nikaruka.

“Acha kelele wewe.” Akaivaa yeye. “Hii nimechukua. Kimbia kanunue nyingine kama hii, jioni tunatoka.”